Hadithi Yako Uipeleke Wapi? Transition, Wasafiri na Majarida ya Kiswahili ya Vyuo Vikuu

Katika kazi yangu ya kutafsiri, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili. Mtu ana hadithi fupi aliyoiandika kwa Kiswahili, au ana mashairi matano, au insha kuhusu taarabu aliyoihangaikia mwaka mzima, naye anataka ichapishwe katika jarida lenye heshima lililo chini ya chuo kikuu, ambalo wahariri wake wataisoma kazi yake kwa makini na ambalo bado litapatikana maktabani miaka thelathini ijayo. Hamu hiyo ninaielewa, kwa sababu ukurasa binafsi wa mtandaoni hufa siku mwenyewe anapoacha kuulipia, na maandishi mengi mazuri yamekwisha kupotea kwa njia hiyo. Majina anayotajiwa mwandishi huyu ni yaleyale: Transition, Wasafiri, Mulika, Kiswahili, Kioo cha Lugha, Swahili Forum. Nimeyaweka hapa bega kwa bega ili anayetaka kuchagua achague akijua anachokipata na anachokiacha.

Niseme mapema ugumu ulipo. Majarida makubwa ya ng'ambo yanaipenda hadithi, lakini yanachapisha kwa Kiingereza. Majarida ya vyuo vikuu vya nyumbani yanaipenda lugha yetu, lakini kurasa zake kwa sehemu kubwa ni za makala za kitaaluma. Mwandishi wa bunilizi kwa Kiswahili anajikuta katikati, na kila upande anaouchagua unamdai kitu.

Nianze na Transition, kwa kuwa lilizaliwa kwetu. Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alilianzisha mjini humo mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na wakati huo halikuwa mali ya chuo chochote, ingawa Makerere ilikuwa jirani na wengi wa waandishi wake walitoka huko. Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa mhadhiri Makerere, alichapisha humo mwaka 1966 makala yake mashuhuri kuhusu Nkrumah, na mwaka uliofuata nyingine kuhusu namna wasomi wa nje walivyokuwa wakiipenda Tanzania kupita kiasi. Lilikuwa jarida la ugomvi wa hoja. Shairi lilikaa karibu na uchambuzi wa siasa, hadithi ikafuatiwa na barua ya msomaji aliyekasirika, na barua hizo za wasomaji zilisomwa kwa hamu ileile iliyosomewa makala zenyewe.

Ugomvi huo uliligharimu. Mwaka 1967 ilifichuka kwamba shirika lililokuwa likilisaidia kwa fedha, ambalo ni Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, lilikuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani, na Neogy, ambaye alisema hakujua, alibeba aibu isiyokuwa yake. Mwaka 1968, baada ya jarida kuchapisha maoni ya mbunge Abu Mayanja yaliyokosoa mapendekezo ya katiba ya serikali ya Obote, Neogy na Mayanja walikamatwa, na Neogy hakuachiwa hadi 1969. Baadaye jarida lilihamia Accra, likahaririwa na Wole Soyinka, na katikati ya miaka ya 1970 likanyamaza. Liliporejea mwaka 1991 nchini Marekani, chini ya Henry Louis Gates na Kwame Anthony Appiah, toleo la kwanza lilipewa namba 51, kana kwamba kimya cha miaka kumi na mitano kilikuwa pumzi tu kati ya sentensi mbili. Namba ile ninaipenda sana. Leo makao ya Transition ni Kituo cha Hutchins katika Chuo Kikuu cha Harvard, na matoleo yote ya zamani, tangu lile la Kampala, yanasomeka katika hifadhi ya JSTOR, ambayo maktaba nyingi za vyuo vikuu zimejiunga nayo. Kabla ya kupeleka chochote kwao, soma angalau matoleo mawili ya miaka ya 1960 na mawili ya karibuni. Utaona mwenyewe kilichobaki na kilichobadilika.

Kuna makala moja katika toleo la 10, la mwaka 1963, ambayo kila mwandishi wa Kiswahili anayefikiria kupeleka kazi yake ng'ambo anapaswa kuijua. Mwezi Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Wanafunzi wa chuo waliokuwa na hadithi chache tu za Kiingereza walialikwa, miongoni mwao kijana aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye leo tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, na ambaye hadithi zake za mwanzo zilikuwa zimetoka katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya chuo hichohicho. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi vya mashairi na nathari kwa lugha iliyosomwa na watu wa nchi kadhaa, hakuwa na nafasi katika mkutano wa aina hiyo, na mwezi huohuo wa Juni alifariki dunia. Mwaka uliofuata Obi Wali, mhakiki kutoka Nigeria, aliandika katika Transition kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea pasipo njia. Majibu yalimiminika katika matoleo yaliyofuata, mengine ya hasira, mengine ya kejeli. Hoja yake haijazeeka. Jarida lililoichapisha limebaki kuwa la Kiingereza hadi leo, na ukilipelekea hadithi yako leo, utaipeleka kwa Kiingereza, iwe umeiandika hivyo au imetafsiriwa.

Wasafiri ni jambo jingine, ingawa jina lake linaweza kumdanganya msomaji wetu akadhani ni jarida la Kiswahili. Susheila Nasta alilianzisha Uingereza mwaka 1984, katika mazingira ya Chuo Kikuu cha Kent na ya chama cha walimu waliotaka fasihi za Karibi, Afrika na Asia zifundishwe shuleni na vyuoni nchini humo. Jina lilichukuliwa kwa makusudi kutoka katika lugha yetu, kwa maana yake ileile tunayoijua: watu walio safarini, na maandishi yanayovuka mipaka pamoja nao. Siku hizi makao yake ni Chuo Kikuu cha Queen Mary mjini London, na hutoka mara nne kwa mwaka. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyefundisha Kent kwa miaka mingi na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliwahi kuwa mmoja wa wahariri wake, kuanzia miaka ya 1980. Kwa mtu wa pwani jambo hilo lina uzito, maana jarida limewahi kuwa na ndani yake mtu anayejua baraza ni nini bila kuelezwa.

Tofauti za haya mawili, kwa mtu anayetaka kuchagua, ziko zaidi katika tabia kuliko katika hadhi. Transition linatafuta hoja. Hata hadithi inayochapishwa humo mara nyingi imesimama karibu na swali kubwa la watu weusi duniani, la rangi, dola, uhamiaji, historia ya utumwa, na matoleo yake hujengwa juu ya mada ambayo wahariri wameichagua. Insha ndefu yenye msimamo, inayotaka kubishana na mtu, ina nafasi nzuri zaidi hapo kuliko popote pengine katika orodha hii. Wasafiri kwa upande wake lina subira kwa kazi tulivu: hadithi ya familia moja katika nyumba moja, shairi lisilotangaza chochote, kumbukumbu ya maisha iliyoandikwa kwa sauti ya chini, mahojiano na mwandishi kuhusu kazi yake. Linachapisha pia uhakiki wa kitaaluma, hivyo mhadhiri na mtunzi hukutana katika toleo moja, jambo ambalo kwangu ndilo sifa yake kubwa. Tangu mwaka 2009 limekuwa na tuzo kwa waandishi ambao hawajachapisha kitabu kizima katika utanzu wanaoshindania, na ushindani huo uko wazi kwa watu wa nchi zote. Kwa kijana wa Arusha au Kisumu asiye na wakala wala mjuano wowote London, huo ni mlango wa kweli. Aangalie tu mapema masharti ya ada na tarehe ya mwisho katika mwaka husika, kwa kuwa hubadilika.

Kwa hiyo, kati ya hayo mawili, insha yenye ubishi ningeipeleka Harvard na hadithi ningeipeleka London. Lakini bado sijasema kinachotokea hadithi yenyewe inapovuka.

Miaka michache iliyopita nilitafsiri hadithi ya rafiki yangu kuhusu shangazi anayekuja kudai nyumba baada ya kaka yake kufa. Kilele cha hadithi kiko katika sentensi moja ya maneno manne: «Mtoto aliingia, akakaa, hakuamkia.» Msomaji yeyote wa Kiswahili anapofika hapo anashtuka. Mtoto wa miaka tisa ameingia katika chumba alimo shangazi yake na hakusema shikamoo, na kwa kunyamaza huko ametangaza vita ambavyo mama yake mjane hakuthubutu kuvitangaza. Kwa Kiingereza, sentensi hiyo inamwambia msomaji kwamba mtoto hakumsalimia mgeni, kitu ambacho watoto wa nchi nyingi hukifanya kila siku bila yeyote kugeuza kichwa. Mhariri wa jarida moja la ng'ambo, ambalo sina haja ya kulitaja, alituomba tuongeze sentensi mbili za kueleza maana ya salamu hiyo. Tulifanya hivyo. Tulipoisoma upya, vita vilikuwa vimegeuka somo la mila, na mwandishi akaiondoa hadithi yake.

Kwa ushairi wa arudhi, yaani unaofuata kanuni za mizani na vina, hali ni ngumu zaidi. Chukua mistari hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya mfano tu:

Jahazi latweka tanga, nami pwani nimebaki,
Upepo wavuma Tanga, neno kwake halifiki.

Kila mshororo una mizani kumi na sita, iliyogawanyika nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho vinafuatana. Neno tanga la mshororo wa kwanza ni nguo ya chombo, la pili ni mji, na nyuma ya yote mawili msomaji anakisikia kitenzi cha kutanga, yaani kuzurura bila makao, kwa hiyo anayeondoka na anayebaki wote wamo katika silabi mbili. Mfasiri hodari ataokoa upepo na huzuni. Mizani atailegeza, vina atavitupa au atavilazimisha, na tanga zote tatu zitakuwa vitu vitatu visivyofahamiana. Shairi huru la Kiswahili, lisilotegemea vina, huvuka bahari likiwa na mzigo mkubwa zaidi wa mali yake, na anayeandika kwa mtindo huo asiogope majarida ya ng'ambo kama ninavyomwonya mtunzi wa mashairi ya arudhi.

Liko pia suala la kurudi. Riwaya ya Gurnah inayosimulia maisha ya mtoto aliyewekwa rehani katika pwani yetu ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, ilitoka mwaka 2022. Miaka ishirini na minane ilipita kabla watu wanaosimuliwa hawajaweza kuisoma kwa lugha wanayoizungumza ndani ya riwaya hiyo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini safari nyingine ni ndefu mno, na huyo ni mshindi wa Nobel. Hadithi fupi yako iliyochapishwa London kwa Kiingereza pekee haitarudi isipokuwa wewe mwenyewe uirudishe, na ndiyo sababu ninawasihi waandishi wasiuharibu wala kuutupa mswada wao wa Kiswahili mara tafsiri inapokubaliwa.

Sasa majarida ya nyumbani. Jarida liitwalo Kiswahili lina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyetu vyenyewe. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, na taarifa yake ya mara kwa mara ndiyo chanzo cha jarida hilo. Kamati ilihamahama, kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, Makerere na Mombasa, kisha ikarudi Dar es Salaam, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1964, na mwaka 2009 TUKI ikaungana na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Ukifungua majuzuu ya zamani ya jarida hilo utakuta, pamoja na orodha za istilahi na mabishano kuhusu ngeli, tenzi za kale zilizohaririwa kutoka hati za Kiarabu na mashairi ya watunzi waliokuwa hai. Wahariri wale, wengi wao Waingereza, walikuwa na makosa yao mengi, lakini hawakuona ajabu shairi likae karibu na makala ya sarufi.

Mulika lilianzishwa na TUKI mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nia ambayo jina lake linaitangaza: kuwamulikia wasomaji ambao si wataalamu wa isimu, walimu wa sekondari na wapenzi wa lugha, na kufanya hivyo kwa Kiswahili peke yake. Kioo cha Lugha lilikuja baadaye, katika miaka ya 1990, kutoka Idara ya Kiswahili, nalo linachapisha makala za lugha, fasihi na utamaduni. Jarida la Kiswahili lenyewe hupokea makala kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwandishi anayechagua kati ya haya matatu asijisumbue sana na daraja lake, aangalie msomaji. Makala yenye nadharia nzito, inayojadiliana na wanaisimu wa nje, ikae katika jarida hilo la Kiswahili. Uhakiki wa riwaya au wa tamthilia, ulioandikwa ili mwalimu wa kidato cha tano aweze kuutumia kesho darasani, ukae Mulika, na ningefurahi kuona mwingi zaidi wa aina hiyo. Kioo cha Lugha liko katikati, na kupatikana kwake mtandaoni katika hifadhi ya majarida ya Afrika, AJOL, kumewasaidia sana wanafunzi wa Kongo na Burundi ambao nakala za karatasi haziwafikii.

Swahili Forum limezaliwa mbali, katika Chuo Kikuu cha Köln nchini Ujerumani mwaka 1994, na siku hizi linahusishwa na Chuo Kikuu cha Leipzig. Faida yake kubwa ni kwamba linasomwa bure mtandaoni, toleo kwa toleo, bila malipo wala nywila, na linakubali Kiswahili kama lugha ya makala kamili, sambamba na Kiingereza. Nimekuta humo masimulizi ya watu wa kawaida, maandishi ya kumbukumbu na tafsiri za tenzi zikiwa zimetolewa pamoja na maelezo, vitu ambavyo jarida lenye masharti magumu lingevirudisha. Mtu aliyekusanya nyimbo za bibi yake, akazinukuu kwa uangalifu na kuziandikia utangulizi wa haki, afikirie hapo kwanza.

Lakini hadithi? Hapa ndipo ninaposema kwa uchungu. Chuo kikuu kinalipatia jarida uhai mrefu, wahakiki wasiolipwa, maktaba na jina. Kwa malipo yake kinadai makala zinazoweza kuhesabiwa mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, na hadithi fupi haihesabiki, au inahesabika kidogo sana, hata ikiwa imemchukua mtunzi miaka miwili. Polepole kurasa za utunzi zikapungua. Katika miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na Darlite na kisha Umma pale Dar es Salaam, na Nexus iliyogeuka Busara pale Nairobi, majarida yaliyochapisha hadithi na mashairi ya wanafunzi wenyewe, mengi kwa Kiingereza, ni kweli, lakini yalikuwa ya utunzi na yalikuwa yetu. Urithi huo haukupewa mrithi wa Kiswahili mwenye nguvu ndani ya chuo. TATAKI ina wahariri, ina wasomaji, ina jina la Mulika ambalo kila mwalimu wa Kiswahili analijua. Kurasa ishirini za hadithi na mashairi katika kila toleo, zikisimamiwa na mhariri wake wa utunzi, zingebadilisha jibu ninalowapa vijana kila wiki, na ninaomba jambo hili lifikiriwe na wenye uwezo wa kulifanya.

Kuna milango miwili mingine ya vyuo vikuu ambayo si majarida ya aina hii hasa, nami nitaipitia haraka. Prairie Schooner la Chuo Kikuu cha Nebraska, lililoanza katika miaka ya 1920, lilipokuwa chini ya Kwame Dawes, mzaliwa wa Ghana aliyekulia Jamaika, lilikuwa jirani na mfuko wa vitabu vya ushairi wa Afrika ambao mshindi wa kwanza wa tuzo yake kwa diwani ya kwanza alikuwa mshairi kutoka Kenya. Kazi hupokewa kwa Kiingereza. Na kwa mwenye mswada mzima wa riwaya au diwani kwa Kiswahili, tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Cornell ni njia bora kuliko jarida lolote nililolitaja, kwa sababu inapokea mswada katika lugha ulioandikiwa.

Mambo ya utaratibu yanatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Majarida ya kitaaluma ya nyumbani yatakutaka uweke ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa makala, marejeleo kwa mtindo wao, na uondoe jina lako ndani ya mswada, kwa kuwa utapelekwa kwa wahakiki wasiokujua. Na haikubaliki kabisa kupeleka makala ileile kwa jarida jingine wakati unangoja. Majarida ya utunzi ya ng'ambo mara nyingi huruhusu hilo, mradi umesema wazi na utawaarifu mara moja kazi inapokubaliwa kwingine. Mengi hayapokei kazi mwaka mzima, hasa yale yanayosaidiwa na wanafunzi, ambayo hufunga chuo kinapofunga. Yote yanataka kazi isiyowahi kuchapishwa, na hapa vijana wengi huumia bila kujua: hadithi uliyoiweka Facebook ikasomwa na watu mia mbili, wahariri wengi wataihesabu kuwa imekwisha kuchapishwa. Mfasiri naye awe na ridhaa ya mwandishi kwa maandishi kabla ya kupeleka ukurasa hata mmoja, kisha apeleke tafsiri pamoja na asili yake, kwani mhariri anayejali atamtafuta mtu wa kuzilinganisha. Kungoja miezi sita si dalili ya dharau.

Nikiulizwa leo, basi, nitauliza kwanza ni nini kilicho mkononi na nani asipokisoma mwandishi atahuzunika. Mwanafunzi mwenye uchambuzi wa majina ya kanga, ambaye angependa wauzaji wa kanga wenyewe wausome, aende Mulika. Mtafiti mwenye jambo hilohilo na picha mia moja za kanga zenyewe aende Swahili Forum, ambako mtu wa Muscat na wa Lubumbashi wataufungua ukurasa huohuo siku moja bila kulipa. Mwandishi anayetaka kubishana na dunia kuhusu nani anamiliki historia ya Kilwa aandike kwa Kiingereza bila aibu, aipeleke Transition.

Hadithi ya mtoto ambaye hakuamkia tunaiandaa kwa ajili ya Wasafiri. Safari hii rafiki yangu alikataa maelezo ya aina yoyote na badala yake akaongeza jambo dogo katika ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza vilevile: mtoto wa jirani anapita mlangoni na ndoo ya maji, anamwona shangazi, anaitua ndoo chini, anasema shikamoo, anangoja marahaba, ndipo anaiinua tena. Neno lenyewe tumeliacha lilivyo katika tafsiri, bila herufi za mlazo wala tanbihi. Baada ya kurasa nane, sentensi ile inakuja na maneno yake manne, na hatukuiongezea kitu.